Kupika mbogamboga ambazo mtoto atazila: mwongozo kwa majiko ya Kigoma

Mkoa wa Kigoma haujapungukiwa na mboga. Mvua zikishakolea, soko la Mwanga na lile la Ujiji hujaa mafungu ya mchicha, matembele, majani ya maboga, ngogwe (nyanya chungu), bamia na kisamvu, ambacho wengi wetu hapa tunakiita sombe. Hata hivyo, katika nyumba nyingi sahani ya mtoto hurudi jikoni ikiwa ugali umeisha, dagaa wameisha, na mboga ya majani imesukumwa pembeni kama ilivyopakuliwa. Mzazi huhitimisha kwamba mtoto wake hapendi mboga, na baada ya wiki kadhaa huacha hata kumpakulia. Mimi ninaona kwamba kinachokataliwa mara nyingi ni upishi: majani yaliyochemshwa hadi yakapoteza rangi, vikonyo vyenye nyuzi, uchungu ambao hakuna aliyejishughulisha kuupunguza. Hayo yote hurekebishika kwa vyombo na viungo vilivyopo nyumbani.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 apate gramu 350, na kuanzia miaka 10 apate gramu 400. Viazi na mihogo havimo katika hesabu hiyo, ila papai, embe na chungwa vimo, kwa hiyo mzigo wote hauiangukii mboga ya mchana peke yake.

Hatua ya kwanza: tambua kinachokataliwa

Kabla ya kubadilisha chochote, mzazi aitazame sahani ya mtoto kwa siku chache bila kusema neno. Mtoto anayechambua vipande vya kitunguu kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani hana ugomvi na ladha ya kitunguu, kwa kuwa mchuzi wenye kitunguu hicho hicho ameshaumaliza. Kinachomkera ni kile kipande kinachoteleza mdomoni. Huyo dawa yake ni kukwangua kitunguu na nyanya badala ya kuvikata, kisha kuvikaanga mpaka viyeyuke na kuwa rojo. Anayetafuna kwa muda mrefu halafu akatema kitonge cha nyuzi ameshindwa na vikonyo. Anayekunja uso mara tu chakula kinapogusa ulimi amekutana na uchungu, naye asishutumiwe kwamba anadeka, maana ulimi wa mtoto huupokea uchungu kwa ukali kuliko ulimi wa mtu mzima. Yupo pia anayekataa kabla hata ya kuonja, hasa kati ya miaka 2 na 6, umri ambao watoto wengi huogopa chakula wasichokizoea. Huyo anahitaji muda, na habari zake tutazifikia kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya pili: chagua na andaa vizuri

Nunua asubuhi, na uchague majani machanga. Mchicha ulioanza kutoa maua huwa mgumu na una ladha kali, hata kama fungu lake ni kubwa na bei yake inavutia. Majani yaoshwe yakiwa mazima, kwa maji safi yanayobadilishwa mpaka mchanga uishe chini ya beseni, ndipo yakatwe. Yakikatwa kwanza na kuoshwa baadaye, sehemu ya vitamini C na za kundi B huondoka na maji. Kwa mtoto, ukataji uwe mwembamba kuliko tuliouzoea, kwa sababu jani refu linaloning'inia nje ya mdomo humtia kinyaa.

Majani ya maboga yanastahili subira ya pekee. Shika kikonyo kwenye ncha yake, kivunje kidogo bila kukikata kabisa, halafu vuta taratibu kuelekea kwenye jani: utando mwembamba wenye nyuzi utatoka nao mpaka juu. Rudia upande wa pili. Kazi hiyo huchukua muda, na wapishi wenye haraka huiruka, ndiyo maana majani ya maboga yana sifa mbaya kwa watoto wakati yakivuliwa vizuri huwa laini kuliko hata mchicha.

Mchicha na matembele machanga havihitaji zaidi ya dakika chache jikoni. Kaanga kitunguu na nyanya kwanza, mimina mboga yenye majimaji yake ya kuoshea, geuza, funika kidogo, na uepue majani yakiwa bado yana rangi ya kijani kibichi. Kuhusu magadi, ninajua kwamba yana heshima yake katika mlenda na majani ya kunde, lakini pamoja na kulainisha, magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B. Panapowezekana, jani changa lililokatwa vyema halitayahitaji.

Hatua ya tatu: punguza uchungu

Ngogwe ziwe changa, zenye rangi nyeupe au kijani, kwa sababu zikianza kuwa nyekundu uchungu wake huongezeka. Zikate vipande viwili au vinne, uziloweke kwenye maji yenye chumvi kwa muda wa kama nusu saa, kisha uyamwage maji hayo na kuzipika na nyanya nyingi. Mnavu na majani mengine machungu huweza kuchemshwa na kumwagwa maji ya kwanza. Kwa kuwa maji hayo huondoka na virutubisho pia, njia hiyo itumike kwa majani ambayo kweli hayaliki bila hivyo, isigeuzwe kuwa desturi ya kila mboga.

Lakini silaha kubwa dhidi ya uchungu ni karanga. Zikaange kidogo, zipepete maganda, zitwange mpaka zianze kutoa mafuta, zikoroge kwa maji ya uvuguvugu na kuzimimina kwenye mboga inayochemka, huku ukikoroga ili zisishike chini. Ziache zichemke polepole mpaka mchuzi uwe mzito. Karanga hufunika uchungu, huongeza protini, na mafuta yake huusaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo kwenye majani. Mwishoni kamulia ndimu kidogo sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kwa kuwa vitamini C iliyomo kwenye ndimu huurahisishia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, hivyo isinywewe pamoja na mlo huo.

Hatua ya nne: anza na sombe

Mzazi asiyejua aanzie wapi aanze na sombe, kwa kuwa ni mboga ya majani ambayo watoto wengi wa hapa huikubali mapema: haina nyuzi, haina vipande, nayo hushikamana na tonge la ugali wa muhogo bila kuteleza. Sababu yote iko kwenye kinu. Chuma majani machanga ya juu, ondoa vikonyo, osha, kisha twanga mpaka yawe laini kabisa. Kutwanga huko kuna kazi nyingine iliyo muhimu kuliko ulaini. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na yanapopondwa sumu hiyo huachiliwa, ikapotea hewani wakati wa kuchemsha. Kwa sababu hiyo sombe ichemshwe kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, kwa muda wa karibu saa moja au zaidi, na kamwe majani hayo yasiliwe mabichi wala kupikwa juujuu kama mchicha.

Sombe ikishalainika na maji kupungua, weka kitunguu kilichokatwa vidogo, ngogwe moja au mbili zilizopondwa, bamia chache zilizokatwa nyembamba na karoti iliyokwanguliwa. Hapa ndipo ubunifu unapoingia, kwa sababu sombe hubeba mboga nyingine tatu bila kubadilika sura, na mtoto ambaye asingegusa ngogwe nzima hujikuta amezoea ladha yake. Ongeza karanga zilizotwangwa na mawese vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa sufuria ya familia, acha vichemke pamoja kwa dakika kumi na tano hivi, onja chumvi, epua.

Neno moja kuhusu mawese, kwa kuwa huu ni mkoa wa michikichi na mafuta hayo hatuyakosi. Rangi yake nyekundu hutokana na viini vile vile ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Wapo wanaoyachoma kwenye kikaangio mpaka yawe meupe ili kuondoa harufu. Wakifanya hivyo wameondoa pia faida iliyowafanya wayachague. Yatiwe kwenye chakula kinachochemka, yapate moto wa wastani, na rangi yake ionekane juu ya mchuzi. Kwa mtoto, rangi hiyo nayo ni kivutio.

Wengi hukamilisha sombe kwa dagaa. Wakaange wakavu bila mafuta mpaka wawe wakavu kabisa, ondoa vichwa ukipenda, watwange na kuwachekecha ili upate unga laini ambao hauna miiba inayochoma koo. Unga huo ukihifadhiwa kwenye kopo kavu lenye mfuniko hukaa siku nyingi, na kijiko kimoja kikinyunyizwa kwenye mchicha, maharage au rojo la nyanya hubadilisha ladha yote. Ni busara kuandaa akiba, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea hupungua na bei hupanda. Wakati Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, nyumba zilizokuwa na akiba zilinufaika nayo, na nyingine ziliegemea karanga na maharage, ambayo pia yanafaa. Dagaa waliokaushwa juu ya chanja ni bora kuliko waliotandazwa mchangani. Tofauti yake utaihisi kwenye meno.

Hatua ya tano: peleka mboga kwenye chakula ambacho mtoto tayari anakipenda

Chapati haina mtoto anayeikataa. Kwa vikombe vitatu vya unga wa ngano, chukua vikombe viwili vya majani ya mchicha yaliyoshindiliwa, yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, yakamue, uyatwange au uyasage mpaka yawe uji mzito wa kijani. Changanya na unga, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya mafuta, kisha ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kwa kuwa mchicha una maji yake na donge likizidi ulaini halitasukumika. Kanda vizuri, funika, acha kwa nusu saa, kata madonge, sukuma na ukaange kama kawaida. Chapati hutoka na rangi ya kijani yenye madoadoa ambayo watoto hugombania. Boga lililochemshwa na kupondwa, kikombe kimoja kwa kiasi hicho hicho cha unga, hutoa chapati ya rangi ya dhahabu yenye utamu wake bila sukari; hapo maji ya kukandia yanaweza yasihitajike kabisa.

Katlesi za mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, nazo zinafaa, hasa kwa watoto wakubwa kidogo wanaobeba chakula cha shule. Chemsha viazi vitamu vinne vya wastani, ikiwezekana viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, uviponde. Changanya na kikombe kimoja cha minofu ya mgebuka wa moshi iliyochambuliwa miiba kwa vidole, si kwa macho tu, karoti moja iliyokwanguliwa, nusu ya pilipili hoho iliyokatwa vidogo sana, majani ya kitunguu na majani machache ya mchicha yaliyochovywa na kukamuliwa. Finyanga, chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga kwa mafuta machache pande zote mbili. Mchanganyiko ukiwa na majimaji hautashika, na tatizo huwa ni mchicha ambao haukukamuliwa vya kutosha.

Maharage hayahitaji maelezo marefu: vipande vya boga na karoti vikichemshwa nayo na kupondwa humo humo huufanya mchuzi kuwa mzito, na hakuna mtoto atakayevitafuta.

Hapo linazuka swali ambalo wazazi huliuliza mara nyingi, kama ni halali kumficha mtoto mboga ndani ya chakula kingine. Mimi sioni ubaya kuanza hivyo, mradi isifichwe milele, kwa sababu mtoto anayekula mchicha ndani ya chapati pekee hajifunzi kuula mchicha ukiwa mezani kwa jina lake. Akishaipenda chapati ya kijani, mwambie kilichomo, na siku nyingine mpakulie kijiko kimoja cha mchicha wenyewe kando ya chapati ile.

Hatua ya sita: mwingize jikoni

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchambua mchicha na kuosha nyanya. Wa miaka sita anaweza kutwanga karanga kwenye kinu kidogo akisaidiwa. Wa miaka tisa anaweza kusukuma chapati, ingawa hazitakuwa za mviringo. Kisu na jiko la mkaa vibaki kwa mkubwa. Mpe pia uamuzi mdogo wa kweli sokoni, kwa mfano achague kati ya matembele na majani ya maboga, si kati ya mboga na kutokula mboga. Aliyetwanga sombe kwa mkono wake huwa na hamu ya kuona wengine wakiila, naye hawezi kukaa pembeni wakati wanaisifu.

Hatua ya saba: mezani

Pakua kidogo, hata kijiko kimoja, na uiweke mboga mwanzoni njaa ikiwa bado ipo. Panapoliwa kwenye sinia moja, mkubwa aanze kwa kumega tonge na kuchota mboga mbele ya watoto, kwa kuwa mtoto anayemwona baba yake akichagua dagaa tu hatasikiliza hotuba yoyote kuhusu majani. Akikataa, usimlazimishe na usimkemee. Sema tu, "Basi, mwanangu, utaonja siku nyingine," kisha uirudishe mboga ile ile baada ya siku mbili tatu, ikiwezekana kwa upishi mwingine. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukizoea, wakati wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara tatu au nne. Ahadi ya soda au biskuti kwa anayemaliza mboga iepukwe, kwa sababu humfundisha mtoto kwamba mboga ni adhabu inayotangulia tuzo.

Umri uzingatiwe. Mboga huanza baada ya miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, zikiwa zimepondwa laini na bila chumvi mpaka mwaka mmoja upite. Watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, wala wadogo wasipewe vipande vigumu vya karoti mbichi, kwa hatari ya kupaliwa. Kachumbari ioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, na hili lizingatiwe zaidi kwa wanaoteka maji ziwani. Mtoto anayekataa karibu kila chakula, au ambaye uzito wake kwenye kadi ya kliniki umesimama, apelekwe kituo cha afya badala ya kubadilishiwa mapishi.

Akiba ya kiangazi

Kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, mafungu hupungua ukubwa na bei hupanda, isipokuwa kwa wenye bustani za mabondeni. Kipindi hicho sombe na matembele huendelea kupatikana, lakini ni vyema kukausha mboga nyingine mapema, Aprili na Mei zinapokuwa nyingi. Majani yaliyooshwa yachovywe kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, yachujwe, yatandazwe kwa wingi mdogo juu ya ungo safi na kufunikwa kwa chandarua, kivulini penye upepo. Jua kali huunguza vitamini A, ingawa hukausha haraka. Yakifikia hatua ya kuvunjika yanapofinywa, yawekwe kwenye chombo kikavu kinachofungwa vizuri na kuwekwa gizani. Siku ya kupika, yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu kidogo, uyapike na maji hayo hayo, na uongeze karanga kuliko ungeongeza kwenye mboga mbichi, kwa kuwa jani kavu huwa na ladha nzito ambayo watoto huikubali polepole.